Siku Niliyoitwa Mwizi wa Nozeli

Waliotaka kuniua walikuwa watu ninaowajua. Naanza hapo kwa sababu mtu akisikia habari ya kundi la watu na mawe hufikiria wahuni wa stendi, watu wasio na makwao. Hawa walikuwa wakulima wa kahawa wa chama chetu cha ushirika, chini kidogo ya Karatina, watu wa kanisa na ng'ombe wawili wawili. Mmoja wao alikuwa msimamizi wangu siku ya ubatizo. Majina siandiki. Si kwa woga. Waliokuwapo wanajijua, na asiyekuwapo jina halitamsaidia. Lakini kazi zao nitazitaja, na kila mmoja nitampa lake: dereva, mwenyekiti, askari wa geti.

Shule mimi niliachia darasa la nne. Ufundi niliupata kwa kushika na kuchapwa, Nyeri mjini, kwa fundi mmoja aliyekuwa akitupiga na mkanda wa feni. Miaka ya tisini ilipoingia nilikuwa na karakana yangu ya mabati karibu na kiwanda cha kahawa, na chama kilikuwa na pikapu moja mpya ya dizeli, yenye turbo. Pande zile ilikuwa turbo ya kwanza. Watu walisimama kando ya barabara kuisikiliza ikipanda mlima na ile filimbi yake. Mafundi wenzangu waliiogopa. Mimi niliifungua nikaitazama, nikaona ni kitu cha akili, si cha uchawi. Ni kama konokono wawili wa chuma waliopeana mgongo, na ndani yao feni mbili kwenye fimbo moja. Moshi unaotoka kwenye injini unazungusha feni ya kwanza, na ile ya pili inasukuma hewa kuingia ndani kwa nguvu. Katikati, hapo kwenye fimbo, panataka oili kila wakati. Oili inaingia kwa paipu nyembamba juu, halafu inateremka yenyewe kwa paipu nene hadi chini kwenye sampu, pale oili ya injini inapokaa. Basi. Aliyeelewa hilo ameelewa turbo.

Wiki mbili kabla ya mkutano mkuu wa wanachama niliitiwa kazi ya kawaida: kubadilisha oili na kusafisha nozeli, yaani zile pua nne ndogo zinazonyunyiza dizeli ndani ya injini, moja kwa kila silinda. Nikazitoa, nikazipeleka Nyeri kwenye mashine ya kuzipima, nikazirudisha zilezile. Mwisho nikasugua tumbo la gari kwa dizeli na brashi mpaka chuma kikaonekana, maana nikiletewa gari mara ya pili nataka kuona kinachovuja kinavuja wapi. Mimi na dereva tukaijaribu mpaka Kiganjo na kurudi. Milima iliipanda kama inateremka. Dereva akanipiga bega, akasema, "Fundi, wewe ni noma."

Huyo huyo.

Asubuhi ya mkutano askari wa geti alikuja mwenyewe karakanani, na rungu lake mkononi.

"Unatakikana kwa kiwanda. Beba spana."

Nilidhani ni kazi. Nikabeba kisanduku changu, nikamfuata, hata nikamtania habari ya koti lake la mvua siku ya jua. Hakucheka. Tulipoingia getini nikaona uwanja umejaa. Wanaume walikuwa wamekaa kwenye ukingo wa saruji, wanawake wamekaa juu ya madebe na magunia, na wengine wameegemea meza ndefu za kuanikia kahawa. Mbele kabisa, mahali ambapo ningetarajia meza ya viongozi, lilikuwa limesimamishwa lile gari, boneti wazi. Mwenyekiti alikuwa kando yake, amevaa koti na kofia. Dereva akaninyooshea kidole kabla sijafika.

"Ndiye huyu. Mimi nilimpatia gari mzima, akanirudishia mgonjwa. Saa hii inamisi, inatoa moshi, inatetemeka kama mtu ako na malaria. Muulizeni nozeli za chama aliuzia nani."

Nikasema, "Nozeli ziko ndani."

"Ziko, ndiyo," mwenyekiti akasema polepole, akiwatazama watu, si mimi. "Tunachouliza ni kama ni zetu."

Huku kwetu gari likitoka kwa fundi halafu likaharibika, hakuna anayeuliza limeharibika nini. Wanauliza fundi ametoa nini. Kila mtu ana hadithi ya shemeji yake aliyepeleka gari lenye pampu mpya likarudi na ya zamani, na siwezi kusema hadithi hizo zote ni za uongo. Tena mwaka ule magunia ya kahawa yalikuwa yakipotea pale kiwandani na hakuna aliyekuwa ameshikwa. Watu walikuwa wametafuta mwizi kwa muda mrefu. Sasa wameletewa mmoja, na spana zake mkononi.

Neno lenyewe lilitoka nyuma, kwenye meza za kahawa. "Mwizi!" Sauti moja, halafu kama tano, halafu sikuweza kuhesabu. Miezi michache nyuma nilikuwa nimeona sokoni mtu akiuawa kwa sababu ya redio. Kiatu chake kimoja kilikaa barabarani siku mbili, hakuna aliyekiokota. Hicho kiatu ndicho kilichonijia kichwani. Nikageuka kuangalia geti, na nadhani kugeuka huko askari alikuona kama kukimbia. Rungu lilinipata juu ya sikio la kushoto. Nilianguka kwa magoti juu ya kisanduku changu, na upande ule ukaanza kulia kama birika la chai. Kwa ufupi, sikio hilo halikupona. Fundi wa injini na sikio moja. Hilo ni lake, askari wa geti.

Niliona miguu ikisogea. Niliona mtu akiinama kuokota jiwe.

"Mwacheni!" Alikuwa bibi mmoja mzee aliyekuwa amekaa mbele juu ya debe lake, amejifunga leso mbili kwa sababu ya baridi ya asubuhi. "Mkimuua sasa, hiyo gari atafungua nani? Wewe?" Akamwelekezea askari kidevu. "Wewe hata kufuli ya geti inakushinda. Jana tumengojea kuanzia saa mbili."

Watu wakacheka. Hawakucheka wote, lakini aliyekuwa na jiwe alicheka, na mkono wake ukashuka.

"Cucu amesema ukweli," mzee mwingine akadakia. "Mwizi atuonyeshe kwanza."

Mwenyekiti alitazama saa yake. "Haya. Sisi tuna ajenda zetu. Ukituonyesha ugonjwa wa gari kabla hatujamaliza, sawa. Tukimaliza bila kuona kitu, mimi nanawa mikono. Wewe na wenye gari mtasikizana."

Wenye gari walikuwa kama mia tatu.

Nikasimama. Damu ilikuwa inateremka ndani ya kola. Mwenyekiti akaanza kusoma mambo ya mbolea, lakini hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Wote walikuwa wananitazama mimi. Nikamwambia dereva aingie awashe.

Gari likawaka vizuri. Likanguruma sawa kabisa, bila kutetemeka, bila moshi. Nikamwona dereva anatabasamu kwenye usukani.

"Ngoja ipate moto," akasema. "Utaona kazi yako."

Tukangoja. Ilichukua kama dakika tano. Kwanza nikasikia ngurumo inakatika, pah, halafu inashika, halafu pah tena. Gari zima likaanza kutikisika mpaka boneti ikawa inagonga kile chuma kinachoishikilia ikiwa wazi. Moshi ukatoka nyuma, mweupe wenye usamawati, ukatambaa chini ukawafikia wanawake. Wakajifunika pua na leso.

Nikachukua bisibisi ndefu, nikaweka ncha kwenye injini na mpini kwenye sikio la kulia. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kusikia. Hakukuwa na chuma kilichovunjika. Halafu nikafanya linalofanywa na kila fundi wa dizeli. Nililegeza nati ya paipu ya nozeli moja moja, injini ikiwa inaendelea. Ukilegeza ya silinda inayofanya kazi, dizeli haiingii tena mle na injini inalegea sauti. Ukilegeza ya silinda iliyokufa, hakuna linalobadilika. Nikalegeza ya kwanza: ikalegea. Nikakaza. Ya pili: ikalegea. Ya tatu, ya nne, vivyo hivyo.

"Mmesikia?" nikawauliza waliokuwa karibu. "Nozeli zote nne zinafanya kazi!"

"Tusikie nini?" mmoja akasema. "Kelele ni kelele."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli kweli. Ushahidi ninao, lakini ni wa fundi kwa fundi. Mkulima wa kahawa utamwambiaje kwamba pah hii si kama pah ile? Na lililo baya zaidi, mimi mwenyewe sikujua ugonjwa. Nilijua tu ule ambao si wenyewe. Mwenyekiti alikuwa ametoka kwenye mbolea, ameingia kwenye dawa za kupulizia. Ajenda zilikuwa zinaisha.

"Kanyaga kidogo," nikamwambia dereva. Nilitaka kuona moshi unabadilika rangi gani.

Akakanyaga. Injini ikapanda. Akaachia. Injini haikushuka.

Ilikaa juu kidogo, kama inayofikiri, halafu ikaendelea kupanda yenyewe. Filimbi ya turbo ikawa mluzi, mluzi ukawa kilio. Moshi ukatoka mwingi hadi kiwanda kikapotea.

"Zima!" nikapiga kelele.

"Nimezima!"

"Zima wewe!"

Akatoa mkono dirishani. Ufunguo ulikuwa kwenye vidole vyake. Gari lilikuwa limezimwa, na lilikuwa linazidi. Dereva akafungua mlango akaruka, akakimbia. Watu wakainuka kwa pamoja. Meza ya kahawa ikaangushwa, mtu akamwita Ngai, Mungu wake, mwingine akasema ni mashetani, na mwenyekiti akawa nyuma ya ukuta wa tangi la maji, kofia imebaki uwanjani.

Nilikuwa nimewahi kusikia habari hiyo Nyeri, kwa fundi wangu. Injini ya dizeli ikipata kitu kingine cha kula, ufunguo hauna kazi. Itakula mpaka ijipasue, na ikijipasua vyuma vinatoka kwa ubavu kama risasi. Dawa ni moja, kuinyima hewa. Nilivuta paipu inayoingiza hewa kwenye turbo ikang'oka na klipu yake, na mdomo wa turbo ukabaki wazi, unavuta kiasi kwamba mkono wangu wa shati ulikuwa unaelekea humo wenyewe. Nikanyakua gunia tupu la kahawa, nikalikunja mara nne, nikaziba nalo ule mdomo na kulilalia kwa kifua. Niliisikia ikinivuta. Ilivuta gunia, ikavuta na mimi, ikatetemeka mara mbili tatu, gari zima likaruka, ikafa.

Nilibaki nimelala juu ya injini ya moto, nikinuka manyoya yaliyoungua, yangu mwenyewe.

Nikawaza nikiwa bado hapo. Dizeli imekatwa, kwa sababu ufunguo umetolewa. Sasa ilikuwa inakula nini? Nikatia kidole kwenye paipu inayopeleka hewa kutoka kwenye turbo hadi kwenye injini. Kikatoka kinang'aa, kimelowa oili hadi kwenye pete. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Nilikuwa nimeijaza mpaka kwenye alama siku ile ya kazi yangu, na sasa ilikuwa inagusa ncha tu. Lakini chini ya gari hakukuwa na tone. Basi oili haikuwa inamwagika nje. Ilikuwa inafika kwenye turbo, inakosa pa kuteremkia, inajaa, inavuja upande wa hewa, na injini inainywa. Ikiwa baridi oili ni nzito, haipenyi. Ikipata moto inapenya. Kila kitu kilikaa mahali pake mara moja.

Nikaingia chini ya gari kwa mgongo.

Ubavu wa sampu ulikuwa umebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Ile paipu nene ya kuteremshia oili ilikuwa imesukumwa ikakandamizwa kwenye ubavu wa injini, imelala bapa kama mrija uliotafunwa. Kitu kigumu kilikuwa kimelipiga gari kutoka chini, kwa nguvu. Na kati ya paipu na chuma, mahali ambapo hata ukucha haungepita, palikuwa pamebanwa udongo. Nilikuwa nimesugua pale kwa brashi. Udongo huo ulikuja baada yangu, na ulikuwapo tayari wakati paipu inapigwa.

Nilikuwa karibu kulia kwa furaha. Halafu nikaona jambo jingine. Pale chini ya sampu panatakiwa pawe na bamba la chuma, la kukinga mawe. Halikuwapo. Nililijua liliko. Lilikuwa karakanani kwangu, limeegemea ukuta, kwa muda wa karibu mwaka. Huku kwetu mafundi wote hulitoa. Linazuia kumwaga oili, bolti zake zinashika kutu, likilegea linapiga kelele mwenye gari analalamika. Tunalitoa, tunasema tutalirudisha, na hatulirudishi. Hata dereva alinisaidia kulibeba. Kama lingekuwa mahali pake, jiwe lingegonga bamba, likaisha hapo.

Nililala pale na jambo hilo kwa muda ambao sikuwa nao. Halafu nikafungua bolti za paipu, nikaitoa taratibu nisiguse ule udongo, nikatoka nayo. La bamba nikaliacha huko chini. Hilo ni langu, na ndiyo mara ya kwanza naliandika.

Watu walikuwa wamerudi, nusu kwa woga. Mwenyekiti alikuwa ameokota kofia yake.

Nikainua paipu. "Gari limegongwa kutoka chini. Si nozeli. Hii ndiyo njia ya oili, na imezibwa. Limepita juu ya jiwe."

"Hiyo umebonyeza wewe na nyundo saa hii hapo chini!" dereva akasema. Alikuwa amepata sauti tena. "Tulikuwa tumezibwa macho na moshi, nani alikuwa anakuona? Hii gari imeenda Nyeri na Karatina peke yake. Lami tupu."

Nikasikia watu wakinung'unika kwamba labda ni kweli. Walikuwa tayari kuamini. Nikasema, "Na huu udongo nimetoa wapi? Mfukoni?"

Yule bibi wa debe akanyoosha mkono. "Lete."

Nikampa paipu. Akabandua kipande cha udongo kwa ukucha, akakitemea mate kidogo, akakisaga kati ya kidole gumba na cha shahada. Akampa mwanamke wa pembeni, naye akafanya vivyo hivyo, na mzee mmoja akaja akachukua chake. Hao watu hawakujua turbo. Sauti ya nozeli kwao ilikuwa kelele. Lakini udongo walikuwa wameushika tangu waanze kutembea. Wetu ni mwekundu, ukikauka unakuwa vumbi, ukilowa unateleza. Huu ulikuwa mweusi tititi, na ulipopata mate ukashika vidole kama gundi.

"Huu si wa kwetu," yule mzee akasema.

"Huu ni wa mpunga," bibi akasema. "Mimi nimeolewa kutoka kule chini, usinifundishe. Huu ni wa Wang'uru."

Mwenyekiti akaingilia haraka. "Udongo mweusi uko kila mahali."

"Wapi, mwenyekiti? Tuonyeshe, tukapande huko."

Vicheko tena, lakini vifupi. Bibi akamgeukia dereva. "Kijana, Wang'uru ulienda lini?"

Dereva hakunitazama mimi, wala yule bibi. Alimtazama mwenyekiti. Alimtazama tu, kama mtoto anayengoja kuambiwa aseme nini, na mia tatu wakaona anakotazama.

Ndipo sauti moja ikatoka kwa wanaume, bila haraka, "Na ule mchele wa Jumamosi?"

Nieleze. Jumamosi iliyotangulia mwenyekiti alikuwa amepokea wageni wa ruracio, watu waliokuja na mahari ya binti yake. Nusu ya waliokuwa uwanjani walikuwa wamealikwa. Walipikiwa wali wa Mwea, wa huko huko Wang'uru, ule unaonukia kabla hujafika mlangoni, sinia kwa sinia, na mpaka Jumapili kanisani watu walikuwa wanausifu. Hakuna aliyekuwa ameuliza ulifikaje. Sasa kila mmoja alikuwa anatazama chini, kama anayetafuta kitu alichoangusha.

"Ulikuja na miguu?" sauti ile ikaongeza.

"Nilitumwa," dereva akasema. Ikamtoka yote. Alhamisi alitumwa Wang'uru kwa mchele. Kwenye kinu cha kukoboa mpunga kulikuwa na matope hadi kwenye akseli. Akirudi, kwenye mlima baada ya Kagio, kulikuwa na lori lililoharibika, na watu wake walikuwa wameliwekea mawe nyuma ya magurudumu lisirudi. Walipolitengeneza wakapanda wakaenda zao, mawe wakayaacha katikati ya barabara kama kawaida yao. Yeye aliliona moja amechelewa. Akafikiri gari liko juu, litapita. "Lilipiga ngong," akasema, "nikasimama nikachungulia, sikuona oili, nikasema basi." Alipofika alimwambia mwenyekiti. Mwenyekiti alimwambia anyamaze, wageni wanakuja. Na gari lilipoanza kutetemeka wakakaa wawili, wakanikumbuka mimi niliyelishika mwisho.

Hivyo mwenyekiti alijua. Tangu Alhamisi alijua. Alisimama mbele ya watu na koti lake akauliza kama nozeli ni zao, na alijua kabisa.

Mtu mmoja nyuma akajaribu, "Mwizi!" akimaanisha dereva. Dereva akasogea kwangu, ndiyo, kwangu, akasema chini chini, "Na lile bamba, fundi?" Nikakaza uso. Kama angelisema kwa sauti sijui ningejibu nini. Lakini kelele haikushika. Mimi walikuwa wamenipandia kwa neno la mtu mmoja. Sasa ukweli wote uko wazi kama mchana, na hakuna aliyeinama kuokota jiwe. Ungempigaje mawe mtu uliyekula kwake Jumamosi ukaomba uongezewe? Katibu akasimama akasema muda umekwenda sana, tufunge kwa maombi. Wakafunga macho. Waliomba mvua.

Halafu wakaanza kuondoka. Wengine walinipita wakasema, "Pole, fundi," kama nimejikwaa.

Mwenyekiti akanijia. "Basi, irudishe hiyo paipu. Nina safari ya Nyeri."

Nikaipeleka kwenye jiko la mama anayeuza chai pale kiwandani, nikaipasha moto, nikaingiza chuma cha mviringo ndani yake nikaipanua kidogo kidogo. Dereva alinishikia. Uso wake ulikuwa wa majivu.

"Ningelisema la bamba," akaniambia.

"Sema."

"Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Ulinyamaza kwa ajili ya mwenyekiti. Mimi ulikuwa unaniua. Lete spana ya kumi na tatu."

Akaileta. Wiki iliyofuata alifutwa kazi, na mwenyekiti akachaguliwa tena. Lakini siku ile bado hatukuwa tumejua hayo. Nikarudisha paipu ya hewa, nikaongeza oili, nikarudi chini ya gari, nikafunga paipu, nikakaza bolti ya kwanza. Ya pili nikaishika mkononi, nikatoka.

"Bado nini?" mwenyekiti akauliza.

"Bolti moja."

"Si uiweke?"

"Uliniita mwizi mbele ya watu. Sema mbele ya watu kwamba mimi si mwizi."

"Mambo yamekwisha, kijana. Usiharibu."

"Bila hii gari halitoki. Oili yote itakuwa hapa chini kabla hujafika getini."

Alinitazama sana. Nafikiri alikuwa anapima kama askari anaweza kuninyang'anya, na askari alikuwa kando, anatazama viatu vyake. Uwanja ulikuwa karibu mtupu. Wanawake walikuwa wanamalizia kujitwika madebe. Wanaume walikuwa wameshafika barabarani, migongo imetugeukia.

"Fundi hakuiba," mwenyekiti akasema, kwa sauti ya kuongea na mtu wa mezani.

"Sema nozeli. Na sema kwa nguvu."

Akakohoa. "Fundi hakuiba nozeli!"

Kule barabarani hakuna aliyegeuka. Nikawahesabu waliokuwa bado ndani ya geti, wanaoweza kuwa wamesikia: yule bibi, katibu, mama wa chai, askari, dereva, wanawake sita na madebe yao. Kumi na mmoja. Nikaingia chini ya gari, nikakaza ile bolti.